Launji Haimwiti Mtu

Vijana wa Kibomet, mmekuja kwangu mara tatu sasa. Mnasimama pale kwa lango mnapiga kelele, "Niaje Bwana Launji! Si utufunze kazi, bana!" Mnataka kufungua ofisi ya safari kama ile niliyokuwa nayo, na mnadhani kuna siri ninayoificha. Haya. Nimekaa chini nikaandika kwa mkono wangu, mimi mtu wa darasa la sita. Nitawapa siri zote. Sijui zitawasaidia nini, kwa sababu siku niliyoharibu nilikuwa nazo zote mfukoni.

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Mimi ni Sitati. Hapa Kitale, kabla yangu, mtu akipata safari ya ndege alikuwa anasindikizwa na ukoo mzima mpaka Nairobi, wanaomba, wanalia, halafu wanamwacha mlangoni kama mtoto wa siku ya kwanza shule. Hajui aende kulia ama kushoto. Ni mimi niliyekuja kubadilisha hayo. Nimepandisha ndege mapasta, wauguzi, wakulima wa kahawa, wakimbiaji, hata chifu mmoja aliyekuwa anaogopa lifti. Hakuna mtu alinisomesha. Nilianza na mabegi ya mitumba pale sokoni, nikamaliza na ofisi ya mlango wa bluu, kiti cha kuzunguka na kalenda yenye picha ya ndege. Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu alikuwa anakaa kwa benchi akinisubiri mimi nimwambie atafanya nini. Hiyo si majivuno. Waulizeni wazazi wenu.

Aliyenionyesha njia ni mama mmoja tulimwita Madam Truphosa. Alikuwa amefanya kazi uwanja wa ndege Nairobi miaka mingi, akastaafu, akaja kulima mahindi huku kwetu. Siku moja alisimama kwa mabegi yangu, akainamisha moja, akalisukuma hivi.

"Magurudumu ya hili ni ya kudanganya watu," akasema.

"Madam, hilo limetoka Ulaya!"

"Limetoka Ulaya kwa sababu magurudumu yalifia Ulaya."

Watu walicheka, mimi nikakasirika, lakini nilimfuata. Nilimwambia, mama, wewe unajua mambo ya ndege, mimi najua watu wa hapa, tukiunganisha si itakuwa kazi? Ndivyo nilivyoanza kwenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa. Yeye anapukuchua mahindi, mimi napukuchua, na anaongea. Shule yangu ya pili ilikuwa hiyo.

Ni yeye aliniambia juu ya launji. Nilikuwa nadhani ni hoteli ya mabalozi. Akasema, hapana, launji ni chumba cha kungojea ndege, tofauti ni kwamba kina viti vizuri, chakula, choo safi na watu hawapigi kelele. Akanifunza maswali ambayo sijawahi kuona kitabu kimeyapanga vizuri zaidi. Swali la kwanza: iko jengo gani? Kwa sababu uwanja mkubwa una majengo mbalimbali, na launji nzuri ya jengo ambalo si lako ni kama shamba zuri la jirani. La pili: iko upande gani wa ukaguzi? Zingine ziko kabla hujapita kwa watu wa pasipoti, zingine ni baada, na ukikaa ile ya kabla, ujue bado una foleni mbili mbele yako. La tatu: mlango unafunguliwa na nini? Kuna unaofunguliwa na tiketi ya daraja la juu, kuna unaofunguliwa na kadi ya benki, kuna unaofunguliwa na mtu yeyote aliyelipia.

Halafu akaacha kupukuchua, akaniangalia. "Na la nne si swali. Ni kitu unamwambia kila mtu, hata akiwa profesa. Launji haimwiti mtu. Umesikia, Sitati? Huko ndani hawatangazi ndege. Ni kimya. Mtu wako aangalie saa, ajitoe mwenyewe. Mwambie, halafu mwambie tena akuambie."

Nilisema nimesikia.

Basi nilifanya makosa yangu kama kila fundi. Kulikuwa na bwana mmoja wa Webuye, mwalimu mkuu, alikuwa na kadi ya benki ya kumwingiza launji. Nilimwambia pita tu na mama watoto, hiyo kadi yako ni kubwa. Kumbe kadi ilikuwa inaruhusu kichwa kimoja. Walifika mlangoni, yeye akaingia. Ndiyo, akaingia! Akamwambia mkewe, "Ngoja hapo, nikuangalilie kukoje." Alikaa huko saa moja na nusu akila soseji, mama wa watu yuko nje kwa benchi ya chuma. Mpaka leo yule mama akiniona Kitale anavuka barabara. Amemsamehe mumewe, mimi bado hajanisamehe.

Na pasta mmoja. Watu wetu wanapenda kufika mapema, na sio mapema ya kawaida, mapema ya kuogopa. Ndege ni jioni, yeye amefika asubuhi na suti. Sikumwambia kwamba launji nyingi haziruhusu mtu kuingia kama bado ni zaidi ya saa tatu kabla ya ndege yake. Alirudishwa mlangoni. Na alikuwa ametangazia kanisa lote kwamba atapumzika mahali pa wakuu. Aliketi sakafuni karibu na mlango, kila nusu saa anachungulia, "Dada, sasa?" Alinipigia simu akaniombea, lakini yale maombi hayakuwa mazuri.

Hayo mliyajua, kwa sababu nimeyasimulia kwa kila harusi. Lakini ile niliyopenda kusimulia zaidi ni ya Mzee Ndiwa wa Kapsokwony. Mzee wa kahawa, mtu mkubwa huko mlimani, alikuwa anaenda kuona wajukuu ng'ambo. Akafika kwa mlango wa launji, akaona zulia. Akavua viatu. Vilikuwa vipya, bado vina karatasi ndani. Akavibeba mkononi, akaingia na soksi. Akanipigia: "Kijana, hapa chai ni bure. Nimeuliza mara mbili." Nikamwambia kunywa mzee, hiyo ni kazi yangu. Halafu saa ya kutoka ikafika, kwa sababu nilikuwa nimemwambia na akaniambia tena. Unajua alifanya nini? Alisimama, akaenda kwa kila mtu aliyekuwa mle ndani, mmoja mmoja, Wazungu, Wahindi, Waarabu, akawapa mkono. "Mimi sasa naomba njia. Mimi sasa naomba njia." Watu wakadhani ni mwanasiasa. Wengine walisimama! Alifika kwa ndege mlango karibu ufungwe, jasho linamtoka, viatu bado mkononi.

Nilicheka hiyo hadithi miaka. Niliwachekesha nayo mpaka watu wakamwaga soda. Na nyinyi mlicheka. Sasa nikikumbuka nataka kujipiga kofi, kwa sababu mzee wa watu alikuwa ameniwekea kila kitu mezani. Kwetu, awe Msabaoti wa mlimani ama Mbukusu wa chini, mgeni akishalishwa haamki tu akaenda zake. Anaomba njia. Mwenye nyumba anampa, anasimama naye, anamtoa mpaka barabarani. Kula na kuondoka kimya ni tabia ya mbwa. Ndiwa hakuwa anachekesha. Alikuwa na adabu, na alikuwa na bahati kwamba aliaga haraka. Mimi niliona soksi tu.

Sasa niwaambie ya Mama Barasa. Hii sijaisimulia kwa harusi.

Alikuwa mama wa Bokoli, mjane, wa umri wa mama yangu. Mtoto wake Barasa alikuwa mlinzi huko Doha, mwaka wa tano. Akaugua figo. Mwanzo walisema ni kidogo, halafu dada yake Barasa, anaitwa Naliaka, akaja ofisini kwangu mbio, hata hakuketi.

"Madaktari wamesema ni siku," akaniambia. "Si wiki, Sitati. Siku. Na yeye anaitisha mama tu. Kampuni yake imetoa karatasi ya visa. Fikisha mama."

Nikasema, "Naliaka, umekuja kwa nani? Umekuja kwa Sitati. Kesho kutwa mama yako anashika mkono wa Barasa."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Mbele ya watu wawili kwa benchi.

Na nilifanya kazi, sikatai. Nilipata nafasi ya ndege ya saa tisa alasiri, inaenda moja kwa moja. Tiketi yenyewe ilikuwa ya kawaida, lakini launji nilimwongezea mimi, zawadi kutoka kwangu. Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe. Mtu mzee anayesafiri mara ya kwanza, peke yake, hajui Kiingereza, kuna kitu cha kumwombea kwa shirika la ndege, na hakilipiwi: kiti cha magurudumu. Si lazima awe mlemavu. Ukimwombea, kuna mtu wa uwanja anamchukua mlangoni, anampitisha ukaguzi, anamfikisha mpaka ndani ya ndege, kwa mkono. Hapotei. Hawezi kupotea. Madam Truphosa alinifunza hiyo. Naliaka mwenyewe aliniuliza, "Si kuna ile kiti ya kusukumwa?"

Nikamwambia, "Mama yako anatembea kutoka Bokoli mpaka Webuye na ndizi kichwani, kiti ni ya nini? Watu wangu hawasukumwi kama mkokoteni. Mama ataingia launji. Atakaa na wakubwa."

Naliaka hakuuliza tena. Alikuwa ananiamini.

Nilimpeleka mwenyewe Nairobi kwa gari la kukodi, tukalala kwa mpwa wake, kesho yake saa sita nikamfikisha uwanjani. Alikuwa amevaa gauni la Umoja wa Akina Mama wa kanisani, kitambaa cheupe, na mkononi mfuko wenye kilo mbili za unga wa wimbi. Barasa aliomba. Alisema huko hospitali wanamlisha wali, yeye anataka ugali wa wimbi wa mama yake hata tonge moja. Begi lilienda na mizigo, lakini unga alikataa kuuachia. "Huu nitaubeba mimi," akasema. Alikuwa anaupakata kama mtoto.

Mimi siruhusiwi kupita mlango wa ukaguzi bila tiketi. Nilisimama naye pale nje nikamweleza. Nilieleza vizuri! Nilimwambia viti ni vya ngozi, vinameza mtu. Nilimwambia kuna samaki, kuna kuku, kuna keki, usiogope, chukua. Nilimwandikia karatasi ya kuonyesha askari ili wamwelekeze launji. Nilimwambia ukifika mlangoni toa simu, nilikuwa nimemwekea kile kibali cha kuingilia, ile picha ya vidoti, maana siku hizi si karatasi tena. Nikachukua picha yake kwa simu yangu, niweke kwa status watu wa Kitale waone.

Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Sitati mwanangu, na nikishamaliza kula, nifanye nini?"

Swali gani zuri kama hilo? Miaka kumi na tisa ya kazi, hakuna mteja alikuwa ameniuliza swali zuri kama hilo. Jibu lake nilipewa na mwalimu wangu, juu ya gunia la mahindi. Lakini nilikuwa nimeinama kwa simu, natafuta maneno ya kuandika chini ya picha. Nikamwambia bila kuinua kichwa:

"Wewe kaa tu, Mama. Hapo ni kwa wakubwa. Kila kitu utafanyiwa."

Akasema, "Mungu akubariki." Akaingia.

Mimi nikaenda mjini kula na rafiki yangu mmoja wa mambo ya tiketi. Nilikula nyama nikimwambia vile leo nimepeleka mama wa kijijini launji. Watu walikuwa wanaandika chini ya ile picha, "Sitati wewe ni noma," "Sitati unatutoa mbali." Nilikuwa nasoma kila moja.

Saa kumi kasoro simu ikalia. Naangalia, ni namba ya Mama Barasa. Saa hiyo alitakiwa awe hewani.

"Hallo, Sitati?"

"Mama! Uko wapi?"

"Niko huku uliniambia." Na sauti yake ilikuwa nzuri, vijana. Ilikuwa ya furaha. "Wamenipokea vizuri sana. Kuna msichana mmoja alinishika mkono, akaniambia karibu mama, jisikie nyumbani. Akaniletea chai, akaniletea kuku. Nimeshiba. Sasa nangoja arudi."

"Arudi nani?"

"Si huyo msichana? Mwenyeji. Nimemaliza kula, sahani wameondoa, nataka kumuaga niende kwa ndege, lakini simwoni. Kuna mwingine amekuja, lakini huyo hanijui, anapita tu. Nikasema siwezi kutoka kwa nyumba ya mtu aliyenilisha bila kusema asante. Si umesema nikae?"

Nilisukuma sahani ya nyama pembeni.

"Sitati? Ama nimuage huyu mwingine?"

Nikamwambia, "Mama, muage huyo. Toka sasa." Nilijua ndege imeondoka. Nilimwambia hivyo kwa sababu sikujua kingine cha kumwambia. Nikasikia anaongea na mtu, kwa Kiswahili cha pole pole, "Asante kwa chakula, mimi sasa naomba njia." Na msichana akamuuliza ndege yake ni ya saa ngapi. Halafu nikamsikia yule msichana anasema, "Woi, mama."

Msitafute wa kumlaumu pale. Yule wa kwanza zamu yake iliisha akaenda kwake, kama nyinyi mnavyotoka kazini. Yule wa pili aliona mama ametulia kwa kiti, unga mapajani, hana shida. Kwenye lango la ndege wamemwita jina lake lote, lakini huko kwa launji sauti haifiki. Ndiyo maana watu wanalipia. Wanalipia kimya.

Nafasi ya karibu ilikuwa kesho yake, ndege ile ile, saa ile ile. Nilimpokea nje. Nilitegemea atanitukana. Alikuwa ananiomba msamaha yeye! "Nimekupotezea kazi yako, mwanangu. Mimi ni mjinga wa kijiji." Nikamwambia hapana Mama. Hiyo tu. Hapana Mama. Mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa neno.

Jioni Naliaka alinipigia. Alisema Barasa ameuliza mara nyingi, mama amefika? Wauguzi wakamwambia kesho. Akasema sawa.

Asubuhi niliomba kiti cha magurudumu. Kilipatikana kwa dakika kumi. Dakika kumi, bila malipo! Kijana wa uwanja akaja, mpole, akamwita bibi kwa Kikuyu, "Cucu, kaa hapa." Mama Barasa akaketi bila neno, akapakata unga wake, akasukumwa. Kitambaa cheupe kikaenda, kikaenda, kikapotea kwa watu. Sikuchukua picha.

Barasa alikuwa ameaga dunia asubuhi ile ile, mama yake bado yuko kwa mpwa wake anakunywa chai. Sisi hatukujua. Alikwenda Doha kumshika mtu ambaye hayuko. Alipofika walimwonyesha mwili, akarudi na sanduku, na unga. Naliaka aliniambia mfuko haukufunguliwa.

Mazishini Bokoli nilisimama nyuma kabisa, karibu na migomba. Nilikuwa tayari kwa lolote. Badala yake mwenye kuongoza shughuli akasema kwa spika, "Tuko na ndugu yetu Sitati kutoka Kitale, ambaye alimsaidia mama kusafiri. Sitati, njoo usalimie watu." Wakapiga makofi. Nilienda mbele, nikashika ile maikrofoni. Nyinyi mnanijua na maikrofoni. Nilisema, "Poleni," nikairudisha. Watu wakasema ona vile amesikia uchungu.

Niliendelea na kazi miezi miwili hivi. Nilikuwa naombea kila mtu kiti cha magurudumu, mpaka vijana wa michezo. Nilimwambia muuguzi mmoja wa Kimilili "launji haimwiti mtu" mara kumi na tano mpaka akaniuliza kama niko sawa. Haikusaidia. Unaweza kuwaambia wote wanaokuja. Yule mmoja hawezi kurudi akaambiwa.

Nikakata shauri niende Bokoli nimwambie Mama Barasa ukweli. Kwamba aliniuliza, na mimi nilikuwa kwa simu. Kwamba hakuwa mjinga, alikuwa na adabu, na mjinga alikuwa nje na gari la kukodi. Nilipanga maneno njia yote kutoka Kitale.

Nilimkuta anapalilia maharagwe. Alifurahi kuniona. Akaacha jembe, akanawa, akanikaribisha, akaingia jikoni. Alichinja kuku, vijana. Nilimwambia Mama usichinje, akasema, "Wewe ulinitoa mbali, nikulishe chai tupu?" Akaleta kuku, na ugali. Ulikuwa ni wa wimbi. Sikuuliza ni unga gani. Nilikula. Kila tonge nililimaliza, kwa sababu anaangalia.

Nikafungua mdomo nimwambie. "Mama, ile siku kule uwanjani..."

"Wacha," akasema. "Kula kwanza."

Nilimaliza. Akaleta maji nikanawa. Sahani zikaondolewa. Nikabaki nimeketi kwa kile kiti chake, mikono kwa magoti, picha ya Barasa na sare ya ulinzi iko ukutani mbele yangu. Nilishindwa kusema na nilishindwa kusimama. Mwishowe nikasema, "Mama, mimi sasa naomba njia."

Akasema, "Nimekupa." Akatafuta malapa yake, akavaa leso juu ya gauni, tukatoka pamoja. Tulipita maharagwe, tukapita kaburi, tukafika barabarani. Hakuwa ananiachilia mkono. Aliushika vile wanashika wamama wetu wakimtoa mgeni, polepole, bila haraka, kama njia ni ndefu.

Pale barabarani akasimama, akaniangalia, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kwa simu, haina hasira hata kidogo.

"Ni hii tu, Sitati. Kule nilikuwa nangoja mtu anifanyie hii tu."

Akaniachilia mkono, akageuka akarudi kwa maharagwe yake.

Ofisi niliifunga wiki hiyo. Mlango wa bluu mnaujua, ufunguo uko hapa nyumbani, anayeutaka aje achukue. Ile picha ya Mama Barasa na unga wake bado iko kwa simu yangu, na chini yake maneno niliyokuwa natafuta wakati ananiuliza. Niliandika: "Sitati hamwachi mtu nyuma."